TUSINGOJE MAFUNZO TUKIWA MIKONO MITUPU

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana na wazee waliokutana Dongobesh, Mbulu

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wenzetu mliotoka Mbulu mjini na Haydom, pamoja na ninyi mliopanda gari alfajiri kutoka Katesh na Basotu:

Hatukuja kuwahutubia kama watu waliokwisha kufika. Tulianza tukiwa vijana sita, wote tumesomea ualimu, wanaume wanne na wanawake wawili, tukingoja ajira ambayo haikuja upesi. Leo tumebaki watano, na sababu yake tutaieleza. Baadhi yetu twazunguka matawini kila mwisho wa juma kwa kazi ya chama, na kila tulikopita tumeulizwa swali moja. Leo tumekuja kulijibu mbele ya watu wote.

Swali lenyewe ni hili: "Je, tungoje mafunzo kwanza ndipo tuanze biashara, au tuanze biashara kwanza ndipo twende mafunzoni?"

Jibu letu ni fupi. Anzeni kidogo, pamoja, kwa fedha yenu wenyewe, na wakati huohuo jiandaeni kwa mafunzo. Mambo haya mawili si mahasimu. Biashara ndogo ndiyo maandalizi ya mafunzo, na mtu aendaye mafunzoni bila kazi yoyote mkononi ni kama mtu aendaye kisimani bila ndoo. Maji atayaona, hata atayanywa, lakini nyumbani atarudi mkavu.

Sasa twaomba mtuvumilie tueleze jinsi tulivyolijua jambo hili, maana hatukulijua kwa akili zetu. Tulilijua kwa aibu.

KUNGOJA KUNAVYOTUPOTEZEA MUDA

Wote mwajua kwamba tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na kuvikopesha vikundi fedha hizo bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa ndugu zetu wenye ulemavu. Ni jambo jema, na ni haki yetu. Mwajua pia kwamba kabla ya kikundi kukabidhiwa fedha, wanachama wake hupewa mafunzo ya kuendesha biashara na kuweka hesabu. Hilo nalo ni jema.

Lakini likatokea jambo la ajabu. Vikundi vikazaliwa kwenye karatasi. Jina likatafutwa, katiba ikanakiliwa kutoka kwa kikundi cha jirani, mwenyekiti na katibu wakachaguliwa, muhuri ukachongwa, kisha watu wote wakaketi kungoja. Ukiwauliza, "Ndugu, biashara yenu ni nini?" wanajibu, "Tutaambiwa huko kwenye mafunzo."

Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo ili utaratibu wake utengenezwe upya, kwa kuwa fedha nyingi zilikuwa hazirudi, na vikundi vingine vilikuwa hewa tupu. Ukapita mwaka mzima na zaidi. Mwaka 2024 mikopo ikarudi kwa utaratibu mpya, na Mji wetu wa Mbulu ukawa miongoni mwa halmashauri 10 nchini zilizochaguliwa kujaribu njia ya kuipitisha mikopo hiyo benki.

Sasa jiulizeni, ndugu zetu: katika muda ule wa kungoja, nani alipoteza na nani hakupoteza? Mama mwenye genge la mboga aliendelea kuuza mboga. Kijana mwenye cherehani moja aliendelea kushona. Wale waliokuwa na muhuri tu, muhuri ukakauka wino. Na mikopo iliporudi, wa kwanza walikuwa na kitu cha kumwonyesha afisa wa maendeleo ya jamii, na wa pili walikuwa na ile katiba ya kunakili.

Hatusemi haya kwa kuwacheka. Sisi wenyewe tulikuwa na muhuri. Tena tulikuwa na muhuri kabla ya kuwa na kilo moja ya bidhaa.

KILO ISHIRINI NA MBILI

Siku moja mwenzetu mmoja akasema, "Jamani, tumesomea kufundisha watoto kujitegemea, na sisi wenyewe twangoja kushikwa mkono." Maneno hayo yalituchoma. Tukachanga shilingi 30,000 kila mtu. Watu sita, jumla shilingi 180,000. Tukaamua kufanya biashara ya vitunguu saumu, maana hapa kwetu Mbulu vitunguu saumu si jambo la kutafuta mbali. Tukaenda Bashay wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa nia ya kuviweka mpaka bei ipande.

Tulinunua kilo 100 kwa shilingi 1,500 kila kilo, yaani shilingi 150,000. Magunia na kubebesha mzigo vikala shilingi 12,000. Zikabaki shilingi 18,000 ndani ya mkebe. Vitunguu tukavitundika katika stoo ya mzazi wa mmoja wetu. Hatukuandika chochote. Tulisema, "Sisi ni marafiki, tumelala bweni moja, tumekula dengu moja. Daftari la nini?"

Miezi miwili ikapita. Bei ikapanda mpaka shilingi 2,500 kwa kilo. Tukafurahi sana. Kila mmoja wetu akapiga hesabu kichwani: kilo 100 mara 2,500 ni shilingi 250,000. Mtunza fedha wetu, ambaye ni mmoja wa wale dada zetu wawili, akachukua shilingi 15,000 katika mkebe kwa ajili ya nauli na mzigo, akateremka nao Babati peke yake, kwa sababu siku ile sisi wengine tulikuwa na mkutano.

Akarudi jioni na shilingi 195,000.

Tukamwuliza, "Nyingine ziko wapi?" Akasema, "Mzigo umepimwa, ni kilo 78." Akatoa karatasi ya mnunuzi. Tukaitazama, tukaambiana kwamba karatasi yaweza kuandikwa na mtu yeyote. Tukamwambia tulinunua kilo 100, tukapima wenyewe shambani, wala panya hali kilo 22 za vitunguu saumu. Hakujibu tena. Akaweka fedha zote juu ya benchi, na zile 3,000 zilizobaki ndani ya mkebe, akajifunga kanga yake, akaondoka.

Hatukumwita mwizi kwa neno lenyewe. Lakini kuna namna ya kunyamaza ambayo ni kuita. Na Dongobesh si mji mkubwa. Mtoto wa watu akishashukiwa, habari hufika nyumbani kwao kabla yake. Kwa wiki tatu hakutokea mkutanoni, na tukasikia kwamba hata kanisani alikuwa akiketi nyuma.

Kikundi kilikuwa kimekwisha kufa. Tulikuwa tukizungumza jinsi ya kugawana zile fedha, kila mtu ashike njia yake. Siku ile wawili wetu walikwenda tena Bashay kwa shughuli nyingine, wakapita kwa bibi mmoja aliyetuuzia sehemu ya mzigo. Wakamsimulia. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Akawauliza, "Mlivipima vikiwa vimetoka ardhini siku ileile?" Wakasema ndiyo. Akawauliza, "Na mkauza baada ya miezi miwili?" Wakasema ndiyo. Bibi akasema, "Wajukuu zangu, hakuna aliyewaibia. Mlinunua maji."

Mlinunua maji! Kitunguu saumu kibichi kimejaa maji, na kikitundikwa kikakauka hupungua uzito. Kila mkulima wa Bashay anajua. Sisi wenye vyeti hatukujua. Kilo 22 zilikuwa zimepaa hewani ndani ya stoo, pole pole, usiku na mchana, nasi tukamtafuta mtu wa kumbebesha.

Tukafanya kilichotupasa kufanya. Tulikwenda nyumbani kwao sote watano, tukiwa na mzee mmoja wa kutusemea, tukaomba radhi mbele ya wazazi wake. Baba yake alitusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akatuuliza swali moja tu: "Ninyi ni walimu. Hamkuwa na daftari?"

Hatukuwa na jibu. Ndugu zetu, swali hilo ndilo lililotuanzisha. Kabla ya siku ile tulikuwa tukiyangoja mafunzo kama mtu anavyongoja bahati. Baada ya siku ile tukawa na kiu ya mafunzo.

NG'OMBE NA MAZIWA

Tuliporudi kuketi pamoja, mtunza fedha wetu akiwa amekubali kurudi, jambo la kwanza lilikuwa kugawana faida. Hesabu ilikuwa shilingi 198,000 zote pamoja. Tulianza na 180,000. Faida basi ilikuwa 18,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila mtu kwa miezi miwili. Mmoja akasema tugawane zote 198,000 tuanze tena baadaye. Ndipo yule mzee aliyetusemea akatukumbusha desturi tunayoijua sisi sote, Wairaqw na ndugu zetu Wabarbaig.

Mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi kwa jirani au kwa ndugu. Anayetunzishwa hunywa maziwa, na samadi yake hutia shambani. Lakini ng'ombe mwenyewe si wake. Hawezi kumchinja kwa sababu amepata mgeni, wala hawezi kumwuza kwa sababu ada ya shule imefika. Kila mtoto katika boma anajua ng'ombe yupi ni wa nyumbani na yupi ni wa kuwekwa. Hapana karatasi, lakini hapana mtu anayekosea, kwa sababu mashahidi ni wengi.

Mzee akasema, "Ile laki moja na elfu themanini ni ng'ombe wa kuwekwa. Elfu kumi na nane ni maziwa. Kunyweni maziwa, ng'ombe mwacheni asimame."

Ndugu vijana, katika mambo yote tuliyojifunza, hili ndilo kubwa kwetu, na halikuhitaji chuo. Mtaji ni ng'ombe. Faida ni maziwa. Tukaamua hata maziwa yale tusiyanywe yote. Tukanunua mizani ya kuning'iniza, iliyokwisha tumika, na daftari moja la mistari.

JINSI YA KUJIANDAA

Miezi michache baadaye tukapata habari ya mafunzo ya wiki mbili ya biashara ndogo na uwekaji wa hesabu. Kikundi chetu kikapewa nafasi mbili. Hapo ndipo mtu hujua kama kikundi ni kikundi. Nani aende? Na atakapokuwa huko, nani atafanya kazi yake? Twawaeleza tulivyofanya, si kwa kuwa ndiyo njia pekee, bali kwa kuwa ilitufaa.

Jambo la kwanza ni daftari. Tulichora safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na saini za watu wawili. Tukaweka sheria kwamba mzigo upimwe siku ya kununua, upimwe kila wiki ukiwa stoo, na upimwe siku ya kuuza, na asiende mtu mmoja peke yake sokoni. Tukaongeza sheria nyingine kwa huzuni, nayo ni kwamba daftari liwe na nakala, na nakala ikae nyumba nyingine. Ninyi mliotoka Katesh hamhitaji kuelezwa sababu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliufunika mji, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, na nyumba na maduka yakafukiwa. Roho hazirudi, nazo ndizo tunazozililia. Lakini mwenye kubaki hai akiwa hana karatasi ya kuonyesha alichokuwa nacho na nani anamdai, huyo amefiwa mara mbili.

Jambo la pili ni maswali. Kila mwanachama, hata yule asiyekwenda, aliandika swali moja alilotaka likajibiwe. Kwa nini kila mtu? Kwa sababu asiyeuliza chochote hatasikiliza wenzake watakaporudi. Sisi tuliofunzwa ualimu twajua kwamba mwalimu huandaa somo kabla ya kuingia darasani. Lakini mara chache tumemwambia mwanafunzi naye aandae masikio yake. Daftari la biashara ndilo linaloandaa masikio.

Jambo la tatu ni wale wanaobaki. Hapa tuligombana. Wanaobaki walisema, "Sisi tutabeba magunia, na wao watakaa kivulini, kwa nini tugawane sawa?" Wanaokwenda wakasema, "Twakwenda kwa ajili ya wote." Tulikata shauri hivi: siku za mafunzo zihesabiwe kuwa siku za kazi, kwa sharti kwamba anayekwenda atawafundisha wenzake akirudi. Asipofundisha, siku zake zifutwe. Nauli itoke kwenye maziwa, isitoke kwa ng'ombe. Na mtu asichaguliwe kwa kuwa ni mwenyekiti, wala kwa kuwa ana haja ya posho. Achaguliwe yule ambaye kazi yake ndiyo yenye maswali mengi.

Kwa hiyo wa kwanza kuchaguliwa alikuwa mtunza fedha wetu. Wote watano tulinyoosha mkono. Yeye mwenyewe hakunyoosha, aliangalia chini. Wa pili alikuwa ndugu aliyesimamia stoo.

Jambo la nne ni kurudi. Katika siku saba tangu kurudi, waliofunzwa wawafundishe wenzao, kila siku saa moja, daftari likiwa mezani. Cheti kina jina la mtu mmoja, lakini elimu ni ya kikundi chote.

MASWALI YETU YALIVYOPOKELEWA

Walikwenda. Siku ya kwanza mkufunzi akawauliza washiriki kila mmoja ametoka na nini nyumbani. Wengi walikuwa na kalamu mpya. Wetu walikuwa na daftari lililoingia vumbi na harufu ya vitunguu saumu.

Siku ya tatu somo likawa hesabu ya bidhaa zilizo ghalani. Dada yetu akanyoosha mkono akauliza: "Bidhaa ikipungua uzito yenyewe, upungufu huo unaandikwa wapi?" Wengine wakacheka. Mkufunzi hakucheka. Akaliomba lile daftari, akaandika hesabu zake ubaoni, kilo kwa kilo, na asubuhi yote ikaishia kwenye vitunguu vyetu. Akawaonyesha kwamba upungufu ni gharama kama nauli ilivyo gharama, nao hautakiwi kugunduliwa siku ya kuuza bali kuhesabiwa siku ya kununua. Mzigo wa kilo 100 ulionunuliwa kwa shilingi 150,000, ukibaki kilo 78, kila kilo iliyobaki imekugharimu karibu shilingi 1,923, si 1,500. Ukiuza kwa 1,900 ukidhani umepata faida ya 400, kumbe unakula ng'ombe!

Twawauliza, ndugu zetu: dada huyu angejifunza nini siku ile kama angekwenda na kalamu mpya peke yake? Angeandika "upungufu wa bidhaa" katika daftari safi, angefanya mtihani, angefaulu, na angesahau. Lakini yeye alikuwa amelilia upungufu ule kwa wiki tatu. Hawezi kuusahau mpaka kaburini.

BIASHARA ILITANGULIA, CHUO KIKAFUATA

Wako watakaosema tunadharau masomo. Sivyo hata kidogo. Tazameni historia ya nchi yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao 1925, na 1933 wakawa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa 1963, miaka 30 baadaye. Chuo hicho, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika, hakikuwaambia watu kwanza kwamba kahawa inaweza kuuzwa kwa pamoja. Kahawa ilikuwa imekwisha kuuzwa. Chuo kilikuja kwa sababu watu walikuwa na vitabu vya hesabu vya kuandikwa na mizani ya kusimamiwa. Haja ilikiita chuo.

Mwalimu Nyerere naye, alipotoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka kazi na masomo viishi nyumba moja, shule iwe na shamba na shamba liwe na somo. Sisi tuliyasoma hayo chuoni kwa ajili ya mtihani. Tukayaelewa tulipopoteza kilo 22.

Hapa kwetu pia tunao mfano wa upande wa pili. Kule Hanang, kuanzia miaka ya 1970, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano ya Basotu kwa msaada wa Kanada. Matrekta yalikuja, wataalamu walikuja, na malisho mengi ya Wabarbaig yakachukuliwa. Ngano ilivunwa. Lakini vitabu vya kazi ile havikuwa mikononi mwa wafugaji waliohamishwa, nao hawakuulizwa wanataka kujifunza nini. Kazi kubwa usiyoshika daftari lake haikufundishi kitu. Kazi ndogo unayoiandika mwenyewe kila jioni ni shule.

Kwa hiyo mafunzo yakija, nendeni. SIDO, ambayo imekuwapo tangu 1973, kazi yake ni viwanda vidogo. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza miaka ya 1970 kwa ajili ya watu kama sisi, na Mbulu tunacho chetu cha Tango. Maafisa wa maendeleo ya jamii wako katika halmashauri. Waulizeni kanuni za mikopo zilizopo sasa, maana zimebadilika mara kadhaa, msitegemee habari za kijiweni. Lakini mkienda, nendeni na ndoo.

MWENZETU ALIYEONDOKA

Tuliahidi kueleza kwa nini tumebaki watano. Yule ndugu wa stoo, miezi michache baada ya mafunzo, alipata kazi ya ualimu mkoa mwingine. Kila mtu anaogopa jambo hili: mnampeleka mtu mafunzoni, anarudi na cheti, kisha anaondoka nacho. Vikundi vingi vimevunjika hapo kwa maneno makali.

Sisi hatukugombana. Alikuwa amekwisha kutufundisha kwa siku saba, na sasa mwingine anasimamia stoo kwa namna ileile. Siku ya kuaga tulifungua daftari. Fungu lake la ng'ombe lilijulikana, fungu lake la maziwa lilijulikana. Hesabu ilichukua nusu saa, akapewa haki yake, tukala pamoja, tukamsindikiza kituoni. Ndugu wazee, linganisheni siku hiyo na ile siku ya shilingi 195,000 juu ya benchi. Watu ni walewale. Urafiki ni uleule. Kilichozidi ni daftari.

NENO KWA WAZEE, NA KWA VIJANA

Wazee wetu, tunayo maombi mawili kwenu. La kwanza: binti akichaguliwa kwenda mafunzoni, msimzuie kwa kuwa kuna maji ya kuteka. Katika kikundi chetu aliyekwenda akarudi na elimu iliyotuokoa ni binti. La pili: kijana akianza biashara na wenzake, msimwombe ng'ombe. Mwombeni maziwa. Akiwajibu kwamba fedha iliyo mkononi mwake ni ya kikundi, msimwite mchoyo. Ninyi ndinyi mliotufundisha desturi ya ng'ombe wa kuwekwa.

Nanyi vijana wenzetu, hatuna utajiri wa kuwaonyesha. Tunayo mizani moja, stoo ya kuazima, na madaftari matatu yaliyojaa. Mkopo wa halmashauri bado hatujauomba. Tumekubaliana tumalize msimu wa tatu kwanza, ili tutakapoulizwa mwaweza kurejesha kiasi gani kwa mwezi, tusijibu kwa matumaini bali kwa kurasa. Fedha ya mkopo nayo ni ng'ombe wa kuwekwa, na mwenye ng'ombe huyo ni kila mtu aliyelipa ushuru sokoni, pamoja na yule bibi wa Bashay.

Katika Wairaqw, mzee akisema slufay, wote waliopo humwitikia. Baraka haisemwi na mtu mmoja. Hata biashara ya pamoja ni hivyo. Mmoja akienda mafunzoni, waliobaki nyumbani yawapasa kuitikia kwa kazi.

Twamaliza kwa ombi moja. Kabla hamjaondoka hapa leo, ninyi mlio na kikundi chenye muhuri, ketini chini ya mti ule dakika chache. Msizungumze habari za mkopo wala za mafunzo. Chagueni kitu kimoja mnachoweza kununua na kuuza kwa fedha iliyomo mifukoni mwenu wiki hii. Kisha chagueni nani atashika daftari, na nani atatia saini ya pili.

Duka la kona pale lina madaftari. Tumeuliza bei, nayo si kubwa.